Magamba ya Akoth

"Surua haidungwi sindano," Dani alisema, na Dani akishasema neno katika nyumba ile, limesemwa. "Ukiidunga inarudi ndani. Ikirudi ndani inakula moyo wa mtoto. Nimelea wangu, nikalea na wa mke mwenzangu. Mimi siyo wa kuambiwa."

Mildred alikuwa ameshafungua leso ambebe mtoto mgongoni. Akabaki ameishika hivyo hivyo, pembe moja mkononi na nyingine ikiburuzika chini. Akoth alilala kitandani, miaka saba, macho mekundu kama aliyepuliziwa moshi, akikohoa kikohozi kikavu kisichotoa kitu. Mwili ulikuwa ukiwaka, hata shuka lilikuwa moto.

Dani alikuwa mama yake Nicanor, mume wa Mildred. Alikuja Silanga, mtaa wa mabanda jijini, kutoka kijijini Ugenya mwaka ule wa themanini na nne, mahindi yalipokauka shambani na watu wakaanza kula yale ya njano ya msaada. Alisema amekuja kungoja mvua tu. Mvua haikuja, Dani akakaa, na ploti nzima ya wapangaji ikamzoea, hata Waluhya na Wakamba wakawa wanamwita Dani, yaani bibi, kama ni bibi yao. Mtoto akiugua tumbo, wanamwita. Mama akikosa maziwa, wanamwita. Na alikuwa anajua vitu vyake, tusimwonee.

"Baba Akoth, wewe unasemaje?" Mildred akauliza.

Nicanor alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Alikuwa kibarua huko viwandani, na mwanaume akitaka kukwepa neno la nyumbani, kazi humwita mapema.

"Mama amelea watu," akasema bila kuinua kichwa. "Sisi tumelea nani? Ngojeni itoke. Ikishatoka nje, hata mkitaka kumpeleka mtampeleka."

Akaenda zake. Mildred akaikunja leso.

Basi wakangoja. Dani alitundika gunia dirishani kwa sababu mwanga ulimuumiza mtoto macho. Mtoto asioge, asile nyama, asipigwe na upepo. Mildred aliacha meza yake ya makaa pale karibu na bwawa, vikopo vimepangwa bila mwenyewe, na wateja wakahamia kwa mwingine. Akakaa kitandani kutwa nzima akimpepea Akoth na kipande cha katoni. Na kwa kuwa mtoto mgonjwa hawezi kukaa gizani bila neno, alimpa hadithi aliyoipenda kuliko zote alipokuwa mdogo, hadithi ya joka.

Ilikuwa kwenye kitabu kimoja chenye jalada la kijani, Joka la Ziwa Chungu. Kijana anaitwa Kumbo anakwenda kuchota maji ziwani, joka linampulizia, moto unamwingia mwilini. Wazee wanasema mfunikeni, msimpe maji, ngojeni. Moto huo utatoka wenyewe kwa njia ya ngozi, yatoke magamba. Yakishatoka magamba, Kumbo anaamka mzima, anapanda mgongoni mwa joka, na hakuna wa kumgusa tena.

"Na mimi yatatoka?" Akoth akauliza.

"Yatatoka."

"Halafu nitaruka?"

"Utaruka hadi Ugenya, uwasalimie ng'ombe."

Akoth akafikiri kidogo. Alikuwa mtoto wa maswali, yule, hata homa haikumnyamazisha.

"Mama, wewe unasahau. Jana joka lilikuwa kijani. Leo unasema ni jekundu. Mimi nataka kitabu chenyewe."

"Kiko mbali, mama yangu. Kiko Kawangware."

"Si uende?"

*

Mildred akaenda. Alikwenda kwa miguu, akakata kule Barabara ya Ngong, akapandisha hadi Kawangware, ambako alizaliwa na kuitwa Awiti kabla hajawa Mama Akoth. Baba yake alikuwa mpangaji katika ploti ya mzee Waithaka, na Waithaka alikuwa na binti, Wangoi, wa rika lake. Kitabu kilikuwa cha Wangoi, zawadi ya shule. Walikisoma wawili hadi jalada likang'oka wakalishona na uzi. Wakimaliza kusoma wanacheza. Mmoja anakuwa Kumbo, analala chini ya gunia la kahawa, mwenzake anakuwa wazee wote wa kijiji na kazi yake ni kupiga kelele: "Ngoja! Ngoja yatoke!" Kumbo akichoka kungoja anarusha gunia, anapanda juu ya pipa la maji, anaruka. Walicheza hivyo miaka. Ukimwamsha Mildred usingizini atakuambia ndivyo ilivyo kitabuni.

Siku hizi Wangoi ndiye aliyekuwa akikusanya kodi ya ile ploti. Alikuwa na nyumba ya mawe, geti la chuma, na mwili wa mtu anayekula akashiba.

"Ngai! Awiti? Ndiyo umekonda hivi?" Akafungua geti huku anacheka, mikono imeshanyooshwa.

"Mtoto ni mgonjwa. Ni surua."

Mikono ikashuka. Wangoi akarudi nyuma, akalisukuma geti likajifunga, wakabaki wanatazamana kwenye nafasi ya vyuma.

"Usikasirike, Awiti. Niko na huyu mdogo, hata hajatembea. Na hii surua imeingia kila mahali."

"Sijakasirika. Nimekuja kuomba kitabu. Kile cha joka."

"Kile! Uui, bado unakikumbuka?"

Akaenda kukitafuta. Mildred akasimama nje, juani, wapangaji wanapita na ndoo wanamtazama kama mtu aliyekuja kuomba kazi ya kufua. Mmoja akamwambia, "Kama ni nyumba unatafuta, zimejaa." Akasema asante.

Wangoi akarudi na kitabu kimefungwa gazeti, na juu yake pakiti ya sukari. Vyuma vya geti vilikuwa vimekaribiana, kitabu hakikupita. Ikabidi akiweke chini na kukisukuma kwa mguu chini ya geti, na Mildred akainama akakiokota vumbini. Wote wawili waliona aibu, wakacheka ili ipite.

"Ngoja! Ngoja yatoke!" Wangoi akasema kwa ile sauti ya wazee wa zamani.

"Ndivyo na mama mkwe anasema. Surua haidungwi."

"Ni kweli. Hata maitu, mama yangu, alikuwa anasema hivyo. Mungoje tu itoke." Halafu akaongeza, siyo kwa ubaya, ni mdomo tu: "Na vile ulikuwa unanishinda kusoma, Awiti. Mimi nilijua utakuwa mwalimu. Sasa ni makaa?"

"Ni makaa."

"Haya. Ukimaliza unirudishie. Hawa wangu watakisoma."

*

Alipofika nyumbani alisikia vigelegele tangu mtaroni. Upele ulikuwa umetoka. Ulianza nyuma ya masikio, ukashuka usoni, shingoni, kifuani, mtoto mwili mzima umeparara. Dani alikuwa anacheza, mwanamke mzima na goti lake bovu, anazunguka pale penye nafasi ndogo kati ya kitanda na jiko. Mama Murunga wa mlango wa pili alikuwa ameleta pombe ya busaa kwenye kikombe, mtoto wake mchanga mgongoni, na Dani alikuwa anaichovya kwa vidole na kumpaka Akoth ili upele umalizike kutoka.

"Umeona?" Dani akamwambia Mildred. "Ungempeleka kudungwa, saa hii tungekuwa tunalia."

"Nimeona, Mama. Asante."

Na alishukuru kwa moyo wake wote, Mungu ni shahidi. Akoth akainua mkono, sauti imemkauka:

"Mama. Magamba."

Nicanor alirudi na mandazi kwenye gazeti. Akacheka, kicheko ambacho hakikuwa kimesikika mle ndani tangu mtoto alale. Akamwita bintiye Bwana Joka. Akoth hakuyala mandazi lakini aliyashika.

Wakaanza kusoma. Mildred alitaka aruke moja kwa moja hadi mahali pa magamba, mtoto akakataa.

"Tusiruke. Soma yote."

Hapo ndipo Mildred alipoanza kukutana na kitabu kingine. Joka alilolikumbuka kubwa kuliko kilima, kitabuni lilikuwa na ukubwa wa ng'ombe dume, na lilikuwa limechoka, linalala sana. Halafu kulikuwa na mama. Maskini, mama yupo tangu ukurasa wa kwanza, anapika, anaita watoto, anasimama mlangoni akitazama njia ya ziwani, na mwandishi hata jina hakumpa. Wakati wa utoto wao huyo mama walimpita kama watu wanavyompita muuza makaa. Sasa kila akitajwa Mildred alisoma polepole.

Na kulikuwa na dada, Zena. Huyo pia alikuwa amemsahau. Katika mchezo wao hakukuwa na Zena, kwa kuwa walikuwa wawili tu na mmoja ni Kumbo na mwenzake ni wazee.

Siku hiyo wakasoma, wakapumzika, wakasoma. Kesho yake wakaendelea. Akoth alikuwa ametulia sana. Dani akasema ndivyo wanavyofanya, moto ukishatoka mwili unataka kulala.

*

Walifika mahali pa magamba baada ya chakula cha mchana. Dani alikuwa mlangoni anachambua sukuma wiki. Mildred akasoma kwa sauti:

"Magamba yakatoka mwili mzima. Wazee wakafurahi, wakapiga ngoma, wakasema, Moto umetoka, sasa atalala na kuamka mzima. Lakini Zena aliweka sikio kifuani mwa ndugu yake. Akasikia moto uko mle, unavuma. Akawaambia, Magamba siyo mwisho wa moto. Umetoka kwenye ngozi ukaingia pumzini. Wazee wakamwambia, Mtoto wa kike, nyamaza, ngoja. Zena hakungoja."

Akarudia mstari wa mwisho kwa macho tu. Akageuza ukurasa, akaurudisha, kana kwamba kuna mtu aliyeingiza maneno hayo kitabuni wakati amelala.

"Endelea, Mama," Akoth akasema. Lilitoka neno, ikaja pumzi, likatoka lingine.

Mildred akamfunua kifua. Akaona kile alichokuwa anakitazama tangu asubuhi bila kukiona. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Pua zinapanuka. Akaweka sikio pale, na mle ndani kulikuwa na sauti, kama jiko la makaa mabichi.

Akaivuta leso ile ile ya juzi.

"Unakwenda wapi?" Dani akasimama, sukuma zikamwagika.

"Hospitali."

"Upele umetoka, sasa unataka kuurudisha ndani? Mildred! Huyu ni damu yangu. Ngoja mume wako arudi."

"Mama, nipishe."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

"Basi livunjike langu!" Mildred akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alimsukuma mama mkwe wake, kwa bega, Dani akashika fremu ya mlango. Watu wa ploti walitoka kutazama.

Alipandisha kilima anakimbia na kutembea, anakimbia na kutembea. Mtoto alikuwa mwepesi, na wepesi huo ulimtisha kuliko uzito. Mdomo wa Akoth ulikuwa karibu na sikio lake.

"Mama. Alimpeleka wapi?"

"Nani?"

"Zena."

"Kwa joka lenyewe. Nafikiri. Lilimnyonya ule moto."

"Alipona?"

Mildred hakujua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, hakujua, maana mwisho aliokuwa nao kichwani ulikuwa wa pipa la maji.

"Tutasoma tukirudi," akasema. "Usiongee, mama. Vuta pumzi."

Hospitalini wakaambiwa wakae kwenye benchi. Nesi mmoja aliyekuwa anapita na faili alimwangalia Akoth mara moja, akaziacha faili dirishani, akamchukua mtoto mikononi mwake.

"Alianza lini huyu?"

Mildred akamwambia.

"Na siku zote hizo mlikuwa mnangoja nini?"

Foleni nzima ilikuwa inasikiliza. Mildred alifungua mdomo. Neno lililokuja kwanza lilikuwa magamba, akalimeza.

"Upele utoke, sista."

"Upele utoke," nesi akasema. Hakugomba. Afadhali angegomba. "Ni mapafu, mama. Imeshaingia kwa mapafu."

Wakamwekea hewa, wakamdunga ile sindano iliyoogopwa. Nicanor alifika na vumbi la kazi usoni akakuta mkewe amekaa sakafuni ukutani. Jua lilikuwa halijazama. Nesi yule yule ndiye aliyetoka kuwaambia, na hakuhitaji kuwaambia, kwa kuwa alikuwa ameshika ile leso imekunjwa vizuri.

*

Walimzika Lang'ata, kwenye makaburi ya jiji. Ilitakiwa apelekwe kwao, akalale katika udongo wa babu zake, lakini nauli ya jeneza hadi Ugenya haikupatikana hata walipopitisha kofia viwandani. Kwa Dani hilo lilikuwa msiba juu ya msiba. Alisimama pembeni ya shimo bila kulia kwa sauti, yeye ambaye matanga ya wengine aliyaongoza. Nicanor akarudi kazini kesho yake, kwa maana kibarua akikosekana, nafasi haimngoji.

Wakabaki wanawake wawili ndani ya chumba kimoja. Hawakugombana, na hawakuongea. Mildred alipika, Dani akala kidogo, akasukuma sahani. Kitabu kilikuwa pale pale chini ya mto. Siku moja Mildred akakitoa akakifunga gazeti akirudishe kwa mwenyewe, kisipate kulala tena mle ndani.

"Hicho," Dani akasema kutoka kwenye kigoda. "Nisomee."

"Mama, hii ni ya watoto."

"Aliniahidi. Alisema, Dani, tukimaliza nitakuambia ilivyoisha. Mimi sijui kusoma. Nisomee uliposoma siku ile."

Mildred akamtazama. Mwanamke yule alikuwa amezeeka kwa siku chache zaidi kuliko kwa ukame wote. Mikono ilikuwa magotini, imefunguka, haina kazi. Hasira aliyokuwa nayo Mildred, na alikuwa nayo, tusidanganyane, alikuwa anailea kama mtoto, ikamwishia nguvu alipoiona mikono ile.

Akafungua gazeti. Akatafuta ukurasa. Akasoma, au akafanya kama anasoma: "Magamba yakatoka mwili mzima. Wazee wakafurahi. Wakamfunika, wakangoja. Na Kumbo akalala, akaamka mzima."

Dani akashusha pumzi ndefu.

"Kumbe na hao walingoja."

"Walingoja, Mama."

"Basi," Dani akasema, na machozi yakaanza kumshuka taratibu. "Basi hata hao."

Nyuma ya ukuta wa mabati, kwa Mama Murunga, mtoto akakohoa. Kikohozi kikavu. Akakohoa tena, halafu akalia kilio kile cha kukwaruza, na mama yake akasikika akimbembeleza: "Nyamaza, baba. Nyamaza. Dani alisema tungoje itoke."

Mildred alikaa na kitabu mapajani. Alimtazama mama mkwe wake, akatazama ukuta, akamtazama tena.

"Mama," akasema. "Sikusoma vizuri. Acha nirudie."

Akarudia. Alisoma kila neno kama lilivyoandikwa, hakuruka. Akamsoma Zena na sikio lake kifuani. Akasoma moto umeingia pumzini. Akawasoma wazee na ngoma yao. Mtoto wa kike, nyamaza, ngoja. Zena hakungoja.

Dani hakusogea.

"Ndivyo imeandikwa?"

"Ndivyo imeandikwa."

"Na wewe uliisoma siku ile. Ndiyo ukanisukuma."

"Ndiyo, Mama."

Kikohozi kikaja tena kupitia mabati. Dani akafumba macho. Kisha akashika ukuta, akainuka kwa lile goti lake, akatoka. Mildred akamsikia anabisha mlango wa pili.

"Mama Murunga. Vaa. Beba mtoto, twende hospitali."

"Dani, si ulisema isidungwe? Si ulisema tungoje..."

"Nilisema," Dani akajibu.

Halafu sauti yake tena, imevunjika katikati: "Nilisema, mwanangu. Nipe huyo mtoto nimbebe."

Hatua zao zikapita mbele ya mlango, za kijana na za kuchechemea, zikapandisha kilima. Mildred akabaki peke yake na kitanda. Alingoja zisisikike tena. Kisha akakaa pale pale alipokuwa akikaa, upande wa ukutani, akabakisha nafasi ya mtoto, akaendelea na kitabu kwa sauti, kurasa zote zilizobaki, bila kuruka. Zena alimbeba. Mama akasimama mlangoni akitazama njia. Joka likaamka.

Kumbo alipona.